Parachuti Haijafunguka, na Nyumbani Mikeka Imetandikwa

Leo nimeaibika. Na si ile aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya watu ukainuka ukajipangusa. Ni aibu ya mtaa mzima, wanawake ghorofani, wanaume barabarani, na mpaka sasa hivi ninapoandika, kichwa changu hakijapanga sawasawa nini kilitangulia nini. Nitaanza mwanzo, mnisaidie kuelewa.

Wengi mnanijua: Aziza wa barafu. Kazi yangu iko Liwatoni, nasimamia chumba cha barafu ya wavuvi, mimi na mwenzangu Salma. Mchana kutwa nimevaa sweta (ndiyo, sweta, Mombasa hii hii). Jambo ambalo hamlijui ni kwamba tangu mwezi uliopita najifunza kuruka na parachuti. Msiniulize kwa nini. Mtu akikaa miaka sita ndani ya chumba kisicho na dirisha, akili huanza kutafuta pa kwenda. Yangu ilikwenda juu.

Mama alikuwa hajui. Kila Jumamosi nikimwambia nakwenda kwenye semina ya usalama. (Si uongo! Usalama umo ndani yake, tena mwingi.) Mpango wangu ulikuwa hivi: leo nifanye mtihani, nikifaulu nirudi nyumbani, nikae naye chini, nimwambie kila kitu na nimwombe radhi, kesho asubuhi niende ng'ambo ya feri kuruka. Kwa sababu mimi bila radhi ya Mama sivuki hata feri, sembuse kujitupa kutoka kwenye ndege. Akisema hapana, ni hapana, na mwezi mzima wa kujificha umekwenda na maji.

Na nilijificha kweli. Mimi kwa kawaida sivai ninja. Lakini kutoka kwetu Mji wa Kale hadi Kizingo njia ina vibaraza, na kila kibaraza kina wazee wenye kumbukumbu nzuri na kazi chache. Wangeniona mara tatu nikielekea upande uleule, mara ya nne Mama angeulizwa naposwa na nani. Basi Jumamosi nilikuwa natoka na buibui langu na ninja juu, macho tu nje. Hakuna aliyenisalimia kwa jina mwezi mzima, nikajiona mjanja.

Mafunzo yenyewe yako Kizingo, kwenye ukumbi nyuma ya nyumba moja kubwa. Mwalimu wetu anaitwa Kioko. Ni mwanajeshi mstaafu kutoka Ukambani, mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili. Katikati ya ukumbi kuna fremu ya chuma yenye mikanda. Unafungwa mikanda hiyo mapajani na mabegani, unaning'inia, halafu Mwalimu anakuonyesha picha juu ya kichwa chako. Kila picha ni parachuti. Zingine zimefunguka vizuri, zingine zina matatizo. Wewe unatazama, unasema unachokiona, na unafanya kinachotakiwa.

Siku ya kwanza akainua picha ya parachuti iliyojikunja kama nguo iliyokamuliwa.

"Unaona nini?"

"Samahani Mwalimu," nikasema, "naona kama parachuti haijakaa sawa. Ukiniruhusu, ningependa..."

"Umekufa."

"Samahani?"

"Umekufa, msichana! Umefika chini ukiwa bado unaomba ruhusa."

"Samahani, Mwalimu."

"Na sasa umekufa tena!"

Ndivyo nilivyolelewa, nifanye nini? Kwetu mtu haanzi kusema jambo baya bila kulitafutia mlango. Hata nyumba ikiungua utasikia kwanza "hamjambo, habari za tangu asubuhi". Mwalimu Kioko alinipigia kelele wiki mbili nzima. "Parachuti haiombwi msamaha! Wacha hiyo mambo ya samahani! Piga kelele! Anayenong'ona huganda, na anayeganda simfundishi tena, namzika!"

Basi nikajifunza. Parachuti ikishafunguka unajiuliza maswali matatu: ina umbo lake? Imetulia? Inaongozeka? Kamba zikiwa zimejisokota tu, unazitanua kwa mikono na kupiga mateke mpaka zijisokotoe. Hilo ni tatizo la kurekebishwa. Lakini jibu likiwa hapana na urefu unakwisha, husubiri, hubembelezi. Unatazama kishikio chekundu kifuani upande wa kulia, unakishika, unatazama cha fedha upande wa kushoto, unavuta chekundu kuikata parachuti mbovu, halafu unavuta cha fedha kufungua ya akiba. Na ukiwa umeshashuka chini ya futi elfu moja, hukati tena, unavuta ya akiba tu. Haya nayajua hata nikiamshwa usingizini.

Nayajua hivyo kwa sababu ya ujanja wa Mwalimu. Alikuwa akitushtukiza. Tuko kwenye chai, mtu ana mandazi mdomoni, anasikia nyuma ya sikio: "PARACHUTI HAIJAFUNGUKA!" Hapo lazima mikono iende kifuani mara moja, kulia, kushoto, na sauti itoke. Asiyefanya anarudia mara hamsini. Mwisho mikono yangu ilikuwa inakwenda yenyewe bila kuniuliza. Nyumbani Mama akaniona nikijishikashika kifuani huku naosha vyombo, akanitazama siku mbili, ya tatu akaninunulia marhamu ya upele. (Nilijipaka. Ningesema nini?)

Haya. Leo sasa. Mtihani.

Mwalimu akasema tuanze na mikanda. "Leo kila mtu ajirekodi sauti kwa simu. Watu hawajui wanavyosikika wakiogopa. Jirekodi, nitumie, jioni nitasikiliza na kukwambia ulichelewa wapi."

Nikaiwasha simu irekodi, nikaichomeka kwenye mkanda wa kiunoni, nikaning'inizwa. Mwalimu akanizungusha mpaka nikaona ukumbi wote unapita, akainua picha. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Parachuti imekuwa fundo.

Jamani, nilipiga kelele. Ukoo wangu wote haujawahi kutoa sauti ile.

"PARACHUTI HAIJAFUNGUKA! Imejikunja! Haiongozeki! NAKATA! YA AKIBA! NAVUTA!"

Hapohapo Mwalimu akaiachia ile fremu ghafla, nikaporomoka kama futi tatu hivi, ili nionje mtu akikata anavyoanguka. Hilo hakutuambia. Nikalia "MAMAAAAA!" ndefu, simu ikachomoka, ikapiga sakafu ya simenti, pu, na kurekodi kukakatika hapohapo.

"Safi!" akasema Mwalimu. Kwa mara ya kwanza alicheka. "Safi kabisa! Tuma hiyo."

Nikafunguliwa mikanda. Nikaiokota simu, nikachagua pa kuituma ile sauti, nikabonyeza, ikaenda. Mwalimu akapitisha kikapu, tukazima simu zetu na kuzitia humo, kwa maana mtihani wa kuandika hautaki simu.

Tukaandika saa nzima na zaidi. Kisha tukaruka kutoka juu ya meza kuonyesha tunavyotua, miguu pamoja, magoti yamelegea, unajiviringisha ubavuni. Mimi niliviringika mpaka nikaangusha ubao. Lakini mwisho Mwalimu akaniita pembeni.

"Umepita. Kesho saa tatu uko kwenye ndege."

Nikataka kulia. Akanipa fomu ya kuandika jina la mtu wa kujulishwa kukitokea jambo. Nikaandika jina la Mama. Akalisoma.

"Mama anajua?"

"Atajua leo."

"Mwambie leo kweli. Si kesho ukiwa hewani."

Nikachukua simu yangu kikapuni. Nikaiwasha, ikaonyesha betri nyekundu, ikazimika. Sikujali. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiria. Nikashusha ninja, nikapanda tuktuk.

Njiani nikawa nafanya mazoezi. "Mama, nina jambo la kukwambia. Mama, usishtuke." Dereva akageuka: "Niambie tu, dadangu, sishtuki." Akaniteremsha Ngome ya Yesu, nikaingia mtaani kwa miguu, nikiyapanga maneno kimoyomoyo.

Nikakata kona ya kwetu. Nikasimama.

Barabara yetu, mnaijua, haitoshi hata mkokoteni na mtu. Leo ilikuwa imejaa wanaume. Mikeka imetandikwa kutoka mlango wetu hadi kwa jirani. Mabenchi ya msikitini yameletwa. Muuza kahawa yuko kazini na dele lake, anagawa vikombe. Watu wameinamisha vichwa, wanaongea kwa chini. Na mlangoni petu, chungu ya ndara za wanawake.

Msiba. Tena kwetu! Nikawaza haraka: Bibi? Bibi aliamka salama, tena aliamka na ugomvi. Ami? Ami hata mafua hapati. Mama?

Sasa sikilizeni kosa langu. Mtu mwenye akili angemwuliza mwanamume wa kwanza, "Kumetokea nini?" Lakini nitaulizaje, mimi binti wa nyumba, mbele ya wanaume mia, nani amekufa nyumbani kwangu? Watasema huyu ni mtoto gani asiyejua msiba wake mwenyewe? Nikaona haya. Nikainamisha kichwa, wanaume wakanipisha bila kunitazama, nikavua viatu, nikapanda ngazi.

Juu ndiyo kabisa. Weusi mtupu, buibui kwa buibui, harufu ya ubani, na wote wanasoma. Nikatafuta nafasi nikaipata palepale mwisho wa ngazi, karibu na mama mmoja mnene nisiyemjua, leso mabegani. Akanisogezea mto, akanipa kitabu cha Yasin. Nikakipokea. Nikaanza kusoma. Na machozi yakaanza yenyewe, maana nilikuwa nimeangaza macho chumba kizima na Mama simwoni.

Yule mama akaniegemea. "Watoka wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mimi natoka mtaa wa Kuze. Nimesikia ukemi tu, nikavaa buibui nikaja. Msiba hauna mwaliko."

Nikaona hapa ndipo pa kupenyeza swali, lakini kwa adabu. "Marehemu... alikuwa anaumwa?"

"Hata! Mzima kama wewe. Ameanguka."

"Bafuni?"

"Bafuni wapi! Ameanguka kutoka juu."

"Darini?"

"Juu, mwanangu, juu." Akaonyesha kwa kidole. Nikatazama dari.

Nikachanganyikiwa. Bibi hapandi hata kitanda kirefu. "Ni mzee?"

"Msichana! Hajaolewa hata. Na tena bado haijajulikana kama amekufa kweli. Wanaume wamekwenda kumtafuta. Mmoja yuko hospitali, mmoja yuko kandokando ya bahari auliza watu kama kuna aliyeona mtu akianguka."

"Sasa kama haijajulikana, mbona tunasoma?"

"Twamsomea. Akiwa hai itamkinga, akiwa amekufa tumetangulia kazi." Akafungua ukurasa. "Masikini. Ati akifanya kazi Liwatoni. Ya barafu."

Nikaganda. Ya barafu Liwatoni tuko wawili tu. Mmoja ni mimi, na mimi nimekaa hapa.

"Salma!" nikasema. Yasin ikaniponyoka. "Jamani, Salma!"

Nikalia, ndugu zangu. Nikalia kweli kweli. Jana tu Salma alinigawia sambusa zake. Yule mama wa Kuze akanikumbatia. "Kumbe ukimjua?" "Namjua!" "Basi lia, mwanangu, lia." Nikawa nalia na nawaza kwa wakati mmoja, kazi ngumu sana hiyo. Salma ameanguka kutoka juu ya nini? Na mbona msiba wa Salma uko kwetu?

"Mamake atalichukuaje hili," nikasema.

"Mamake ndiye wa kusikitikiwa. Yuko jikoni apika."

"Anapika?"

"Apika mbaazi. Hakutoa hata chozi. Waseme nini watu? Akili imemruka."

Hapo nilipotea moja kwa moja. Mama yake Salma anakaa Lamu. Amefika saa ngapi? Na anapika mbaazi jikoni kwetu kwa ruhusa ya nani? Na Mama wangu yuko wapi wakati mgeni anashika vyungu vyake?

"Na ati alikuwa mvivu kidogo," mama wa Kuze akaendelea kwa kunong'ona. "Mkate wa mofa hajui. Wala chapati haziviringi. Shangazi yake ndiye aliyesema, kwa uchungu."

"Salma anapika vizuri sana!" nikamtetea.

"Huyo Salma ni nani?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Wakati huo wanawake wawili walikuwa wamepanda ngazi, wageni, wakaenda kumpa mkono Shangazi Fatma aliyekaa katikati ya chumba kichwa kimefungwa kitambaa. Wakamwuliza habari imefikaje. Shangazi akajipangusa macho.

"Sikilizeni wenyewe," akasema. "Mimi siwezi kusimulia. Kaituma yeye mwenyewe, kwenye kundi la ukoo." Akainua simu juu, sauti yote.

"PARACHUTI HAIJAFUNGUKA!"

Naapa, sikuwa na nia yoyote. Sikufikiri. Kichwa kilikuwa bado kwa Salma. Lakini mikono ilikwisha kusikia.

Nikaruka nikasimama. Nikaukunja mgongo. Mkono wa kulia ukaenda kifuani, ukashika kilichokuwapo, na kilichokuwapo ilikuwa ninja yangu. "NAKATA!" Nikaing'oa, na ushungi nao. Mkono wa kushoto ukatafuta cha fedha, ukakosa, ukapata leso ya mama wa Kuze. "YA AKIBA! NAVUTA!" Nikaivuta mpaka mwisho wake.

Na simu ya Shangazi ilikuwa inasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Tulimaliza pamoja. Halafu simu peke yake ikalia "Mamaaaaa", pu, ikanyamaza.

Nimesimama pale, nywele nje, leso ya watu mkononi, mgongo umepinda. Wanawake wote wamenigeukia. Ndipo nikaelewa. Pole pole, kutoka miguuni kwenda juu. Hakuna Salma. Hakuna mama wa kutoka Lamu. Anayesomewa ni mimi, na mimi nimejisomea kurasa mbili.

"Aziza?" akasema Shangazi Fatma.

"Naam, Shangazi. Shikamoo."

Shangazi akaanguka juu ya mito. Mama wa Kuze akapiga ukemi ambao sijausikia tangu nizaliwe, akashika ngazi, na nusu ya chumba nyuma yake. Chini wanaume wakasikia ukemi, wakajua habari imethibitika, wakainua mikono wote wakaanza kuniombea kwa sauti. Juu nipo hai, chini naombewa. Sijui kama niliwahi kuhitaji dua kuliko dakika ile.

Mama akatokea mlango wa jikoni. Mwiko mkononi. Macho makavu. Akanitazama kuanzia nyayo, akanitazama hadi utosini, akahesabu viungo. Mimi nikaanza, "Mama, samahani, nilikuwa na jambo la kukwambia, usishtuke..."

"Uliivuta?" akasema.

"Nini, Mama?"

"Ile ya pili. Uliivuta?"

"Niliivuta, Mama."

Akawageukia wale waliobaki. "Niliwaambia. Nimesikiliza mara nne. Kavuta kwanza, ndipo kaniita. Mwanangu aja kula, nikasema. Nyinyi mwaleta mikeka." Kisha akanishika sikio akalisokota mpaka nikaona nyota, akanikumbatia huku bado amelishika. Hakuniachia upesi, na hapo nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona maishani.

Haikuishia hapo. Mama akasema wale watu barabarani wameacha shughuli zao, siwezi kuwaacha hivi. Akanirudishia ushungi kichwani, akanipeleka dirishani. "Waambie."

Nikachungulia. Vichwa vyote juu. "Samahanini," nikasema. "Assalaam aleikum. Mimi ni Aziza. Samahanini sana, mimi sijafa."

"Hatusikii!" akasema mzee mmoja.

"SIJAFA!"

Halafu sauti kutoka kwenye benchi la mwisho: "Alhamdulillahi. Basi kahawa twaweza kuimaliza?"

Wakaimaliza. Walikaa mpaka karibu na magharibi wakijadili kama parachuti inafaa kwa mwanamke.

Simu ya Shangazi ndiyo iliyonieleza nilikosea wapi. Wakati uleule nilipokuwa nachagua pa kuituma sauti, Shangazi alituma picha ya maua yenye kututakia Jumamosi njema. Kundi la ukoo likaruka likakaa juu kabisa ya orodha, mahali palipokuwa na jina la Mwalimu, chini ya kidole changu. Watu arubaini na kitu wakapata sauti ya kufa kwangu, kisha wakanipigia wakakuta simu imezimwa. Shangazi akapiga ukemi, na mtaa wetu ukisikia ukemi hauulizi, unaleta mikeka.

Baada ya watu kupungua, Mama akaniweka jikoni, akanipakulia mbaazi. Akakaa mbele yangu juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Sema sasa. Yote."

Nikasema yote. Maswali matatu, nyekundu, fedha, futi elfu moja, kesho saa tatu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na ya pili ikikataa?"

"Hukunjwa na fundi mwenye kibali, Mama. Si sisi wanafunzi. Na ni nadra sana..."

"Nimekuuliza ikikataa."

"Ikikataa, nitakuwa nimefanya yote niliyofundishwa."

Mbaazi zikapoa. Nilijua anasema hapana, na nilikuwa nimekwisha kuikubali, kwa aibu ile ya leo sikuwa na uso wa kubishana. Kisha akavishika viganja vyangu vyote viwili, akavigeuza, akavitazama.

"Nilikuwa mlangoni pale wakati Fatma alipoipiga ile sauti," akasema. "Niliiona mikono hii. Ilifanya kazi kabla wewe hujajua uko wapi. Ningekuona ukinong'ona na kuomba samahani, ningekufungia ndani kesho." Akapumua. "Nenda. Radhi yangu unayo. Ukitua, nipigie kabla hujavua hiyo mikanda."

Ndipo alipolia. Mchana kutwa hakulia, akalia hapo, juu ya mbaazi, na mimi nikalia naye.

Sasa hivi simu imepata chaji. Nimekuta simu nilizopigiwa hazihesabiki, na ujumbe mmoja wa Mwalimu Kioko: "Aziza, wenzako wote wametuma. Sauti yako bado sijaipata."

Basi ndiyo hivyo. Watu wengine huruka kwanza, kusomewa Yasin huja baadaye kama ikibidi. Mimi ya kusomewa nimeimaliza, kesho imebaki kuruka tu, na naomba asicheke mtu.